Njiwa weusi wawili wamezaa kinda mwekundu: rangi hii imetoka wapi?

Mfugaji wa Limbani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninafuga njiwa manga hapa Wete, na nina suala ambalo kila ninayemuuliza hunipa jawabu lake. Jozi ninayoipenda kuliko zote ni dume mweusi na jike mweusi, weusi wa kung'aa usio na mstari wala doa, niliowanunua wangali makinda kwa mfugaji mmoja wa Chake Chake. Tangu walipoanza kutaga wamekuwa wakitoa weusi watupu, lakini katika uzao wa mara hii kinda mmoja ameota manyoya meusi kama wazazi wake, na mwenziwe ameota mekundu ya rangi ya tofali. Jirani yangu, ambaye njiwa wake huteremka uani kwangu kula mtama pamoja na wangu, anacheka na kusema kwamba hiyo ni kazi ya dume wake mwekundu. Ami yangu, ambaye amefuga njiwa tangu ujana wake, anasema hapana, hiyo ni damu ya mababu imerejea. Ningependa kujua ni nani kati yao aliye karibu na ukweli, na iwapo kuna njia ya kuwapata wekundu wengine kwa mpango badala ya kungojea bahati.

La pili ni dogo, ila limenitia wasiwasi. Jozi yangu nyengine, dume na jike wote wa kijivu wenye mistari miwili myeusi mbawani, wameangua makinda wawili. Mmoja amefunikwa na malaika marefu ya manjano kama ilivyo ada, na wa pili ametoka karibu utupu, ngozi yake yote inaonekana. Nimeshauriwa nimtupe kwa kuwa ni mgonjwa, lakini kila nikimtazama gole lake limejaa, na anainua kichwa kudai chakula sawasawa na mwenziwe. Nimwache au nimtoe?

Banda la Bububu

Wa alaykum salaam. Huyo aliye utupu mwache alelewe na wazazi wake; si mgonjwa, na bila ya shaka Maalim atakapopita hapa atakueleza sababu yake vizuri zaidi kuliko mimi.

Kuhusu mwekundu, kabla ya kumtia hatiani dume wa jirani, ngoja manyoya ya kinda yakamilike, kisha mshike mkononi, umkunjue bawa na mkia penye mwangaza. Njiwa wekundu wako wa aina mbili, na huku Unguja wauzaji wengi huwaita kwa jina moja, jambo ambalo limewatia hasara wanunuzi wengi. Wa kwanza ni mwekundu wa majivu: shingo na kifua chake ni vyekundu, na akiwa na mistari mbawani nayo ni myekundu, lakini mkia wake na manyoya marefu ya kurukia yamepauka, yana rangi ya jivu inayokaribia weupe. Wa pili ni mwekundu mzima, ambaye wekundu wake umeenea mpaka ncha ya mkia na ncha za mbawa, bila ya sehemu iliyopauka. Kwa macho wanafanana, lakini kwa namna wanavyorithisha rangi hiyo hawana udugu wowote.

Wekundu wa majivu ni tabia tawala. Njiwa aliyeupata, hata kwa mzazi mmoja tu, lazima auoneshe. Hauwezi kukaa kimya nyuma ya weusi wala nyuma ya kijivu. Kwa hiyo njiwa wawili weusi hawawezi kumzaa kinda wa aina hiyo hata wakitaga mpaka wazeeke, na ukimkuta katika kiota chao basi jirani yako ana haki ya kucheka. Hata hivyo, mtoto wa jike mweusi na dume mwekundu wa majivu mara nyingi hutoka na rangi ya majivu mwili mzima, wala hapati wekundu wa kupendeza kifuani, na hiyo ni sababu nyengine ya mimi kumtilia shaka huyo dume anayesingiziwa.

Wekundu mzima ni kinyume chake, kwani ni tabia fiche. Njiwa aliyeupata kwa mzazi mmoja peke yake hubaki mweusi, anang'aa kama weusi wengine, na huuzwa na kununuliwa bila ya mtu kujua kilichomo. Wawili wa namna hiyo wakikutana ndipo siku moja hutoka kinda aliyepokea nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, na wekundu ukajitokeza. Kama mkia wa kinda wako ni mwekundu, ami yako amesema kweli, ingawa nisingeiita damu ya mababu: ni damu ya wazazi wenyewe walio mbele yako, wote wawili, na kila mmoja wao amechangia nusu.

Usivunjike moyo ukiona wekundu wake ni hafifu na una moshimoshi wa kijivu. Manyoya ya mwanzo ya njiwa hawa mara nyingi huwa hivyo, na rangi hukolea baada ya kunyonyoka kwa mara ya kwanza.

Maalim wa Chake

Ninasomesha baiolojia skuli ya sekondari, na mfano wa njiwa ninaupenda kuliko ule wa njegere uliomo vitabuni, kwa sababu wanafunzi wanao njiwa majumbani mwao, na baadhi yao huja darasani na masuala magumu kuliko ya mtihani.

Ndugu wa Bububu amesema sawa. Mimi nitaongeza kwamba weusi wa njiwa si rangi ya msingi. Rangi za msingi ni tatu tu, nazo ni wekundu wa majivu, kijivu na hudhurungi. Kijivu ndiyo rangi ya njiwa wa porini wa majabalini, Columba livia, ambaye njiwa wote wa kufugwa wametokana naye. Mweusi ni njiwa wa kijivu aliyerithi jeni ya pili, ambayo kazi yake ni kuichukua ile rangi ya giza iliyo kwenye utepe wa mkia na kuitandaza mwili mzima mpaka mistari ya mbawa imezwe. Jeni hiyo ni tawala, nakala moja inatosha, na kwa sababu hiyo usishangae iwapo siku moja weusi wako watazaa kinda wa kijivu mwenye mistari miwili: itakuwa hakupata jeni ya kutandaza kwa baba wala kwa mama. Charles Darwin alifuga njiwa nyumbani kwake Uingereza katika miaka ya 1850, akachanganya koo nyeusi na nyeupe, na katika wajukuu akampata njiwa wa kijivu mwenye mistari miwili myeusi mbawani, sura ileile ya njiwa wa porini. Aliliona jambo lenyewe, lakini hesabu yake hakuwa nayo. Hesabu hiyo ilikuja na Gregor Mendel, mtafiti wa urithi wa tabia, aliyechapisha kazi yake ya njegere mwaka 1866.

Sasa nije kwa kinda aliye utupu, kwa kuwa hapo ndipo njiwa wanapotofautiana na sisi. Kwa binadamu, mwenye kromosomu (nyuzi za ndani ya seli zinazobeba jeni) mbili za jinsia zisizofanana ni mwanamume. Kwa ndege ni jike. Dume ana Z mbili, na jike ana Z moja na W moja. Jeni inayoamua rangi ya msingi imekaa juu ya Z, na jeni inayofifisha rangi nayo imekaa hapohapo juu ya Z. Kwa hiyo jike ana nakala moja tu ya kila moja ya jeni hizi, na nakala hiyo ameipata kwa baba yake. Mama hakumpa kitu katika mambo haya mawili, kwa sababu alichompa binti yake ni W. Jike basi hawezi kuficha rangi ya msingi. Unachokiona ndicho alichonacho. Dume, kwa kuwa ana Z mbili, anaweza kuonesha moja na kuibeba ya pili kwa siri miaka yote.

Makinda waliorithi rangi iliyofifia huanguliwa wakiwa na malaika mafupi sana au wasiwe nayo kabisa, hali wenzao wa rangi kamili wamefunikwa na manjano. Hilo ndilo unaloliona kiotani. Wazazi wake wote wawili ni wa kijivu kamili, kwa hiyo aliyebeba jeni ya kufifisha ni baba, na alichokipokea kinda ni ile Z ya baba iliyofichika. Kutokana na hapo tunajua jambo jengine bila ya kumgusa: kinda huyo ni jike. Angekuwa dume angepokea pia Z ya mama yake, ambayo ni ya rangi kamili, na rangi kamili ndiyo inayotawala, basi angetoka na malaika kama mwenziwe. Huyo mwenziwe hatuwezi kumsemea, kwa sababu anaweza kuwa dume au jike. Manyoya ya huyu wako yakiota utaona kijivu chepesi kilichopauka, na mistari ya mbawani haitakuwa myeusi ya kukoza.

Njia hiihii humsaidia mfugaji anayetaka kuwatambua madume na majike wakiwa wachanga, jambo ambalo kwa njiwa ni gumu hata wakikua. Muoze dume wa kijivu kwa jike mwekundu wa majivu. Watoto wa kiume wote watakuwa wekundu wa majivu, kwa sababu kila mmoja amepata Z ya mama yake, na watoto wa kike wote watakosa wekundu huo na kufuata rangi ya baba. Ukigeuza, ukaweka dume mwekundu na jike wa kijivu, hesabu hiyo haifanyi kazi. Dume mwekundu wa majivu anayebeba kijivu kwa siri huwa na alama inayomfichua: vidoa vyeusi vya wino katika manyoya yaliyopauka ya mbawa na mkia. Jike hawezi kuwa na vidoa hivyo vya kijivu kilichofichika, kwa sababu hana Z ya pili ya kukifichia.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walizitambua jeni tatu tunazozizungumzia hapa, yaani ya rangi ya msingi, ya kufifisha na ya wekundu mzima. Mbili za kwanza zimo kwenye Z kama nilivyosema. Ile ya wekundu mzima haimo, na kwa sababu hiyo dume na jike huweza kuificha kwa usawa, kama weusi wako walivyoificha. Kikundi hichohicho kilionesha mwaka 2018 kwamba marakaraka ya mbawani ya njiwa wengi wa kufugwa hayakuzaliwa kwao. Yaliingia kwa kuchanganyika na njiwa wa Kiafrika, Columba guinea, ambaye ni spishi nyengine kabisa. Habari hiyo mimi huipenda sana, na huwaeleza wanafunzi kila mwaka.

Neno la mwisho ni juu ya hesabu ya robo. Wazazi wawili wanaobeba wekundu mzima hutarajiwa kutoa mwekundu mmoja kwa kila wanne, lakini hesabu hiyo ni ya kila yai peke yake, na njiwa hutaga mawili tu. Inawezekana kabisa upate viota kadhaa mfululizo vya weusi watupu, kama ilivyokutokea. Wafugaji wa nyoka wa mahindi huko Marekani wana bahati zaidi kwa upande huu, kwani jike mmoja hutaga mayai kumi mpaka thelathini kwa pamoja na uwiano unaonekana waziwazi. Wana nyoka waliokosa rangi nyeusi na nyoka waliokosa rangi nyekundu, tabia zote mbili zikiwa fiche. Wakiwachanganya, kizazi cha kwanza hutoka cha kawaida chote, na katika wajukuu hutarajiwa mmoja katika kumi na sita aliyekosa zote mbili, naye huwa mweupe kwa waridi hafifu. Nyumbani kwangu nyoka hatoingia hata awe wa rangi gani, lakini hesabu yao ni hiihii yetu.

Mzee wa Jang'ombe

Nimemsoma Maalim na sina la kumkosoa katika elimu yake. Ila mimi nawaambia vijana kwamba elimu hiyo yote inahitaji kwanza ujue baba ni nani, na katika banda lililo wazi, ambalo njiwa wa mitaa mitatu huingia na kutoka, hamjui. Njiwa huoana na kukaa wawili, hilo ni kweli, lakini bandani wakibanana jike hupandwa na asiyekuwa mumewe, na mbegu hukaa ndani yake kwa siku kadhaa. Mwenye kutaka kusema kwa yakini kwamba kinda huyu ametokana na fulani na fulani na awafungie wawili hao peke yao wiki mbili au tatu kabla ya kutaga, na awaache humo mpaka yai la pili lishuke.

Na mayai ayahesabu. Jike hutaga yai la kwanza, kisha la pili baada ya siku mbili hivi, basi. Ukikuta matatu, au ukikuta mawili yameshuka siku moja, kuna jike mwengine amekuja kutaga katika kiota cha mwenziwe, na huyo kinda wa ajabu huenda si wa baba wala si wa mama. Ndugu wa Limbani hakutuambia mayai yalikuwa mangapi, na kwangu mimi suala hilo ni la mwanzo kabla ya mkia.

Jengine, msiwe mnakimbilia rangi mkasahau ndege. Nimeona watu wanamfungia dume mwekundu na dada yake, kisha watoto wao tena wao kwa wao, mpaka mayai yanaoza na makinda wanadumaa. Na mwenye kupenda wale wa mabakabaka ya rangi nyingi zilizochanganyika mwilini ajue kwamba tabia ile nayo iko kwenye hiyo Z aliyoitaja Maalim, na dume akiipata kwa baba na kwa mama pamoja huzaliwa na macho mabovu, na wengi wao hawaishi. Wawili wa namna hiyo hawaoanishwi. Kunguru wanatutosha kwa hasara.

Mfugaji wa Limbani

Nimefaidika sana, Mwenyezi Mungu awalipe. Mzee wangu, mayai yalikuwa mawili, na la pili lilishuka siku mbili baada ya la kwanza, hilo nina hakika nalo kwa sababu huyatia alama ya kalamu. Banda huwa wazi mchana, kwa hiyo hapo sina ushahidi. Leo nimemkunjua kinda mkia na bawa kama nilivyoelekezwa: mkia ni mwekundu wote mpaka ncha, na manyoya ya kurukia yaliyochomoza ni mekundu. Nimekwenda pia kwa jirani tukamshika dume wake. Mkia wake umepauka, na una vidoa viwili vitatu vyeusi. Amenyamaza kidogo.

Suala lililobaki ni la kuoanisha. Je, nimngoje kinda huyu akue nimrejeshe kwa mzazi wake mmoja, au nimpeleke kwa mwekundu wa jirani, au nimuoze kwa ndugu yake mweusi?

Banda la Bububu

Basi ni mwekundu mzima, na dume wa jirani ni wa majivu, anayebeba kijivu. Usimpeleke huko. Watoto wao, isipokuwa jirani naye awe anabeba wekundu mzima bila ya kujua, hawatatoka na mkia mwekundu hata mmoja. Watautia wekundu wako mafichoni tena na utakuwa umerudi ulipoanzia, ukiwa na majivu juu yake.

Ukimrejesha kwa mzazi, nusu ya makinda hutarajiwa kuwa wekundu, lakini ni ndoa ya mtoto na mzazi, na kwa ukaribu wa damu haitofautiani na ya ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Mara moja kwa haja maalumu wafugaji hufanya. Kuwa ni mtindo, hapana, na hapo niko pamoja na Mzee. Ndugu yake mweusi naye si wa uhakika. Kwa kuwa ametoka kwa wazazi wanaobeba, uwezekano wa yeye kuwa anabeba ni thuluthi mbili, na thuluthi moja hana kitu.

Njia iliyo safi ni kutafuta mwekundu mzima asiye na nasaba naye. Mwekundu kwa mwekundu hutoa wekundu wote, bila ya hesabu ya robo wala nusu, kwa sababu hakuna mzazi mwenye kitu chengine cha kutoa katika jeni hiyo. Huku Unguja wapo, na mtu anaweza kukuletea kwa boti, lakini usinunue kwa kuelezwa. Mwambie akupigie picha ya mkia uliokunjuliwa. Ukimkosa, mtafutie mweusi wa nyumba nyengine. Iwapo mweusi huyo habebi, makinda wote watakuwa na rangi nyengine lakini wote watabeba wekundu, na hao ndio utakaowaoanisha baadaye na mwekundu utakayempata.

Wazazi weusi wasitenganishwe. Wameshathibitika kwamba wanabeba, na jozi iliyothibitika ina thamani kuliko weusi kumi wasiojulikana. Ukitaka kumjua yule ndugu mweusi, mpe mwekundu asiye na nasaba naye, ukiwa umewafungia kama Mzee alivyosema. Akitokea mwekundu mmoja tu, jawabu umelipata. Wakitoka weusi watano mfululizo, jua kwamba anayebeba angeweza kufanya hivyo mara moja tu katika thelathini na mbili, na mimi hapo ningemwacha.

Usimuoanishe kinda kabla ya miezi sita hivi, wacha anyonyoke kwanza. Na makinda wa viota vijavyo uwavishe pete wakiwa na umri wa wiki moja hivi, pete isiyofunguka, kisha uandike namba yake pamoja na namba za baba na mama. Ukichelewa vidole hunenepa na pete haipiti tena.